Programu iliyogoma kwenye mstari wa 2,048

Hii ilinikuta nikiwa bado mgeni kwenye mambo ya seva, na siisahau kwa sababu nilimtupia lawama mtu ambaye hakuwa na kosa lolote, mzee wa watu.

Kazini tulikuwa na mzee mmoja injinia, ana programu yake ya Fortran, lugha ya zamani ya kuandikia programu za hesabu, anaitunza kama mboni ya jicho. Inapiga hesabu ya joto linavyosambaa kwenye bamba la chuma, yaani bamba unaligawa vijimraba, kila kijimraba kinachukua wastani wa majirani zake wanne, unarudia unarudia mpaka namba zitulie. Na kila mzunguko inachapa mstari mmoja, namba ya mzunguko na kosa lililobaki, yaani hesabu bado iko mbali kiasi gani na kutulia. Mimi nikapewa kazi ya kuiweka kwenye brauza, mtu ajaze fomu, abonyeze kitufe, apate majibu yake, waache kumpigia mzee simu kila saa.

Nikaona mteremko. Kwenye Python, lugha niliyoandikia kodi yangu, ni mistari mitatu tu: Popen kuiwasha, wait kuisubiri imalize, read kusoma ilichochapa. Kitu pekee nilichoumiza nacho kichwa ni kwamba programu inaandika majibu kwenye faili lenye jina lile lile kila siku, kwa hiyo watu wawili wakibonyeza pamoja mmoja anamfutia mwenzake, nikaipa kila kazi folda yake. Hapo nikajiona mjanja kweli. Nikajaribu na bamba la 20 kwa 20, majibu hayo, kufumba na kufumbua. Nikatangaza iko tayari.

Watu wakaja na mabamba ya 200 kwa 200. Kiduara kinazunguka, kinazunguka, dakika moja ikiisha linatokea kosa la 504, yaani muda wa kusubiri jibu umeisha. Nikajua tu, nginx, ile programu ya seva inayosimama kati ya brauza na kodi yangu, imechoka kusubiri, maana usipoigusa inasubiri sekunde 60. Nikaipandisha mpaka 600. Sasa watu wakawa wanasubiri dakika kumi ndo wapate 504 ile ile, asante sana fundi.

Nikaenda kwa mzee.

"Shikamoo mzee. Ile programu yako inakwama kwenye bamba kubwa."

"Marahaba. Inakwama wapi?"

Akaiwasha hapo hapo kwenye terminali, lile dirisha la kuandikia amri, 200 kwa 200, mistari ikamiminika kama mvua, sekunde kumi hivi imemaliza. Mizunguko laki moja na ushee. Akanigeukia wala hakusema kitu. Mimi bado nabisha, nikamwambia labda apunguze kuchapa au aikompaili upya, akasema, "Kijana wangu, hiyo mistari ndo macho yangu, nikiitoa nitajuaje kama hesabu inatulia au inalipuka?" Nikaondoka nimenuna.

Nimerudi nikafungua top kwenye seva, ile inayoonyesha kila programu inatumia prosesa kiasi gani. Nilitegemea kukuta prosesa inawaka moto, si ni programu ya hesabu bwana, inatakiwa itumie asilimia mia. Nikakuta 0.0. Na pembeni herufi S, imelala. Tena sio moja, ziko kumi na saba, maana kila mtu aliyechoka akarudia kubonyeza alikuwa ameacha moja nyuma yake, zote zimelala fofofo. Nikaikamata moja na strace, kifaa cha kuchungulia programu, ili nione inaomba nini kwa kerneli, ule moyo wa Linux, ukatokea mstari mmoja tu: write(1, halafu kipande cha namba, halafu kimya. Hausogei. Ilikuwa inataka kuandika ikazuiwa katikati ya sentensi.

Nikaiua. Ile wait yangu ikaachia, read ikasoma kilichokuwepo, ukurasa ukaonyesha mistari mpaka wa 2,048. Nikaua nyingine, ya mtu mwingine, bamba tofauti kabisa: 2,048. Ya tatu: 2,048. Hapo nywele zikasimama. Hesabu ikigoma kwa sababu za kihesabu haigomi kwenye namba nzuri ya kikompyuta namna hiyo. Nikauhesabu mstari wa mzee herufi kwa herufi, nafasi 10 za mzunguko, moja tupu, 20 za kosa lililobaki, na moja ya kuruka mstari, jumla 32. Zidisha kwa 2,048. Ni 65,536.

Basi kumbe ndo hiyo. Paipu ya Linux, lile bomba kati ya programu na kodi yangu, kwa kawaida linabeba baiti 65,536, na kila herufi ya mzee ni baiti moja. Likijaa, anayeandika analazwa mpaka mtu anywe upande wa pili. Na mimi niliyetakiwa kunywa nilikuwa nimejiambia sinywi mpaka amalize kumimina. Yeye ananisubiri mimi, mimi namsubiri yeye, na nginx inatusubiri wote wawili. Kwa mzee haikwami sababu terminali inasoma muda wote, na jaribio langu la 20 kwa 20 ni mizunguko elfu moja na kidogo, bomba halikuwahi kujaa. Baadaye nikafungua maelezo ya Python, onyo limeandikwa kabisa kwamba wait ukiichanganya na paipu unaweza kukwama hivi. Lilikuwepo siku zote.

Kuitengeneza haikuchukua hata mchana. Nikaelekeza machapisho yote kwenye faili ndani ya folda ya kazi, paipu nikaitupa, na fomu ikawa inarudisha namba ya kazi papo hapo halafu ukurasa unauliza kila baada ya sekunde mbili kama tayari, huku nyuma kuna programu moja mfanyakazi inazichukua kazi kwa foleni. Kazi ikipitiliza nusu saa inauliwa, isije ikalala tena humo bila mtu kujua.

Kumwendea mzee ndo kulikochelewa, siku mbili nzima nazunguka zunguka. Nilipomweleza akavaa miwani, akafungua faili la machapisho kwenye brauza, akashuka taratibu na kipanya hadi mstari wa 2,049, akaugusa kwenye kioo na kidole.

"Huyu ndo uliyekuwa unamziba mdomo?"

"Ndo yeye mzee. Nisamehe."

Akaendelea kushuka, anaangalia kosa linavyopungua.