Nilivyohesabu maamuzi ya Mahakama ya Katiba ya Kongo (DRC) nikiwa Lubumbashi

Kwa juma zima niliamini kwamba Mahakama ya Juu ya Marekani huamua kesi zaidi ya 500 kwa mwaka. Hesabu ilikuwa yangu mwenyewe, nimeifanya kwenye jedwali la maamuzi yake nililolipakua usiku, bando zinapokuwa za bei nafuu. Nikatafuta kesi ninayoifahamu tangu masomo ya sheria kule Kasapa, kwenye Chuo Kikuu cha Lubumbashi: Brown dhidi ya Bodi ya Elimu, iliyopiga marufuku kuwatenga watoto weusi katika shule za serikali. Mwaka 1954 sikuiona. Nikaikuta chini ya 1953, na jina lake limejirudia mara tisa.

Hapo nikarudi kusoma mwongozo ambao nilikuwa nimeuruka. Mwaka wa mahakama ile huanza Jumatatu ya kwanza ya Oktoba, kwa hiyo uamuzi wa tarehe 17 Mei 1954 unahesabiwa katika muhula wa 1953. Na faili niliyoichukua ilikuwa na mstari mmoja kwa kila jaji, siyo kwa kila kesi. Majaji ni tisa. Mwaka wa karibuni wenye kesi 60 hivi ulikuwa unanipa mistari 540, nami nikifurahia wingi wake.

Jedwali hilo lilianzishwa na Harold Spaeth, profesa wa siasa huko Michigan, katika miaka ya 1980. Kila kesi ina vipande zaidi ya 200 vya habari: nani alileta malalamiko, mahakama ya chini ilisema nini, kila jaji alipiga kura upande gani, nani aliandika uamuzi. Ni bure kwa yeyote. Kilichonivuta kwake ni utafiti wa mwaka 2017 wa Daniel Katz, Michael Bommarito na Josh Blackman. Programu yao ya kompyuta ilipita kesi za tangu 1816 hadi 2015 na ikabashiri sawasawa matokeo ya takribani asilimia 70 ya kesi hizo. Mimi nikajiambia: nami nitafanya hivyo kwa Mahakama yetu ya Katiba.

Ninaijali mahakama hiyo. Katiba yetu ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 162, inampa mtu yeyote haki ya kupeleka mbele yake sheria au amri anayoona inavunja Katiba. Mtu yeyote: mama anayeuza makaa soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, mchimbaji wa Kolwezi, mimi. Haki kubwa namna hiyo inastahili kufuatiliwa kwa makini, lakini kwetu watu huijadili kwa hasira ya uamuzi mmoja tu waliousikia redioni.

Basi nikafungua jedwali tupu na kunakili vichwa vya safu za Spaeth. Safu ya kura za majaji ndiyo iliyokufa kwanza. Majaji wetu nao ni tisa: watatu kwa uteuzi wa Rais mwenyewe, watatu wanaopendekezwa na Bunge, watatu na Baraza Kuu la Mahakimu, kila mmoja kwa miaka tisa isiyorudiwa. Lakini uamuzi hutoka kwa sauti moja. Aliyekataa hajulikani, maana mashauriano ni siri. Kinachobaki ni orodha ya majaji waliokaa siku ile, mwishoni mwa karatasi. Nikafuta safu ya kura, nikaweka idadi ya waliokaa. Siyo safu ndogo: sheria ya mwaka 2013 inayoongoza mahakama hiyo inataka wakae wote, na inaruhusu wasiozidi wawili kukosekana. Uamuzi wa tarehe 17 Oktoba 2016 kuhusu kuahirishwa kwa uchaguzi ulitolewa na majaji watano. Jambo hilo lilizua mabishano makali wakati ule, na katika jedwali langu linaonekana kwa tarakimu moja tu.

Safu ya pili iliyonisumbua ni matokeo. Niliandika "ameshinda" na "ameshindwa", nikajaza upesi upesi. Kisha nikamwomba mdogo wangu, anayesomea uhasibu, ajaze upya maamuzi yaleyale bila kuona majibu yangu. Nilitaka mtu asiye wa sheria, kwa sababu kama maelezo ya safu hayaeleweki kwake, basi hayajaandikwa vizuri. Jioni moja umeme umekatika, tumeweka taa ya simu juu ya gilasi la maji ili mwanga usambae, akaniwekea kidole kwenye karatasi.

"Yaya, huyu hakushindwa. Hawakumusikiliza."

Nikasoma tena. Kweli. Mahakama ilikuwa imesema ombi halipokelewi. Haikusema kama mtu yule ana haki au hana, haikufika huko. Kwenye karatasi nyingine ilisema haina mamlaka juu ya jambo lenyewe. Mimi zote nilikuwa nimeandika "ameshindwa". Nilinyamaza kwa muda mrefu, kwa sababu niliona kwamba kwa kosa hilo moja ningeenda kuwaambia watu jambo zito na la uongo kuhusu mahakama ya nchi yao.

Tulivunja safu ile ikawa nne: haina mamlaka, ombi halikupokelewa, limepokelewa lakini halina msingi, limepokelewa na lina msingi. Hata hivyo hazikutosha. Uamuzi R.Const 262 (ndiyo namba yake ya mahakama) wa tarehe 11 Mei 2016, kuhusu Rais kuendelea kukaa madarakani mpaka mrithi aapishwe, ulitokana na ombi la kufafanua kifungu cha 70 cha Katiba. Katika kufafanua hakuna mdaiwa. Nikaongeza safu ya aina ya ombi, na tukaanza upya. Mara ya pili majibu yetu yalitofautiana mahali pachache, na kila mahali tulipotofautiana tulikaa tukasoma uamuzi kwa sauti.

Baada ya hapo nilirudi kwenye data za Marekani kwa macho mengine. Inajulikana kwamba mahakama ile hutengua kama theluthi mbili ya kesi inazosikiliza. Ukiishia hapo utadhani mahakama za chini za kule hukosea mara mbili katika kila tatu. Lakini kila mwaka maombi hufika kwa maelfu, na ombi halisikilizwi mpaka majaji wasiopungua wanne wakubali. Wanachagua kesi, na mara nyingi huchagua zile wanazoona zina kasoro. Maelfu waliorudishwa mlangoni hawamo katika jedwali la Spaeth. Kwetu ni kinyume: waliorudishwa mlangoni wanapata uamuzi ulioandikwa, wenye namba na tarehe, na mtu anaweza kuwahesabu. Kwa miezi kadhaa nililia na safu ya kura niliyoikosa, wakati tuna kitu ambacho wenzetu hawanacho katika jedwali lao.

Sitoi asilimia bado. Maamuzi tuliyojaza ni yale niliyoweza kuyapata, mengine kwa picha za karatasi zilizopigwa vibaya mpaka muhuri unafunika tarehe, na yaliyopatikana kirahisi ni yale yaliyopigiwa kelele. Ninachofanya sasa ni kuhesabu siku. Amri ya hali ya dharura ya korona ilitolewa tarehe 24 Machi 2020, na uamuzi R.Const 1.200 kuhusu amri hiyo ukatoka tarehe 13 Aprili: siku 20. Nataka nijue raia wa kawaida anangoja siku ngapi, kwa hiyo kila karatasi naitafutia tarehe ya kuingia, iliyoandikwa kwa mkono pembeni.

Jumapili iliyopita, tukiwa tunakula bukari, mdogo wangu aliuliza hao walioleta maombi wanatoka wapi. Mahakama iko Kinshasa, na kutoka Lubumbashi ni kilomita zaidi ya 1,500 kwa ndege. Hatukuwa na safu hiyo. Nimeiongeza, na nimerudi mstari wa kwanza.