Wayang ya Saa Mbili na Wayang ya Kukesha

Onyesho la watalii la wayang kulit, sanamu za ngozi zinazochezeshwa kwa vivuli, mjini Yogyakarta, kisiwani Java, Indonesia, humalizika kwa saa mbili, na kiti cha plastiki kinakuumiza mgongo mapema. Kinachofyekwa ni kile kile nilichokifuata: goro-goro, zamu ya wachekeshaji inayoanza karibu na saa sita usiku. Kwa hiyo nikapanda ojek, bodaboda ya huko, kwa bei ya kukera, hadi kijijini kwenye harusi.

Wayang kulit hasa huanza mnamo saa tatu usiku na kwisha alfajiri. Dalang, mchezesha sanamu, ni mmoja, sauti zote ni zake, na haondoki mkekani. Mbele yake kuna kitambaa cheupe, juu taa, chini magogo ya mgomba, la juu na la chini. Sanamu ni za ngozi ya nyati wa kufugwa, na mpini wa pembe una ncha ya kuchomeka mgombani. Mgomba uwe mbichi. Ukinyauka, wafalme wanalala chali. Kwa cempala, kinyundo cha mti, dalang hugonga sanduku la sanamu kuwaamuru wapiga gamelan, ala za shaba za Kijava. Mikono ikijaa, hukishika kwa vidole vya mguu.

Nilikaa upande wa vivuli. Mzee mmoja akanivuta mkono: "Mas (kaka), huku!" Kumbe wenyeji wengi huketi nyuma ya dalang, wanakoonekana rangi, jasho na ujanja wote. Akanipa chai ya sukari ya kutisha, akawa mkalimani wangu hadi kukakucha.

Akina Pandava, ndugu watano mashujaa wa hadithi hizi, wametoka India. Wachekeshaji wa goro-goro, Semar na wanawe Gareng, Petruk na Bagong, hawamo kwenye Mahabharata, utenzi wa kale wa Kihindi. Wajava waliwatia wenyewe, na Semar, mtumishi mwenye kitambi, ni mungu aliyejificha. Ndio wanaoruhusiwa kuwasema wakubwa. Enzi ya Rais Suharto hata kampeni ya uzazi wa mpango ilipitishwa kwenye wayang. Usiku ule Petruk alimkejeli diwani, kisha akauliza nani kamlipa yule mgeni asilale.

Pwani kwetu fumbo la taarab hufanya kazi hiyo hiyo. Ila ngoma zetu za hotelini tumezikata zitoshee mlo wa jioni.

Ukienda, lala mchana. Vita vikubwa viko sehemu ya tatu, baada ya saa tisa usiku, na hapo nusu ya watazamaji wanakoroma mkekani.