Siku moja na mie, nesi wa pati taimu hapa Tanga

Saa 11 alfajiri. Alamu imelia naamka kama mtu wa ful taimu tu. Watu wanadhani pati taimu ni kwenda kazini nusu siku, wapi! Ni siku tatu kwa wiki ila kila moja ni shifti nzima, na mwenzako akiumwa wewe ndo wa kwanza kupigiwa simu.

Saa 12 na nusu nishamwacha mtoto kwa bibi yake Makorora, nimefungasha mahamri na mbaazi, nadandia bajaji.

Saa 1 na nusu ripoti. Nesi wa naiti anatupitisha kitanda kwa kitanda na mie ndo napenda hivyo, ripoti ya kusomewa mezani mkono uliovimba kwa dripu utauonea wapi.

Saa 3 kuna bibi katoka Pangani, mishipa yote imejificha na kila mtu keshamchoma kakosa. Nikajaza maji ya vuguvugu kwenye glavu, nikafunga, nikamwekea juu ya mkono tukapiga soga, ananiuliza "mwanangu, mume unaye?" nacheka huku napapasa, mshipa ukaja wenyewe, kanula ya bluu, kile kisindano cha dripu, ikaingia bila hata ya yeye kushtuka.

Saa 6 mchana matroni kaniita. "Binti, nafasi ya ful taimu ipo, nataka jibu wiki hii."

Sasa hapo ndo kwenye mtihani. Nikiwa na mkataba nina likizo ya siku 28 na hela inaingia, uzazi siku 84, NSSF, mfuko wa pensheni, inachangiwa asilimia 20 ya mshahara na mie nakatwa isiyozidi 10. Sahivi nalipwa kwa siku, nikiugua siku hiyo imekwenda na maji. Wenzangu wananitisha na kodi, eti bora ubaki chini ya 270,000 kwa mwezi usikatwe, jamani kodi inakata kile kinachozidi hapo, haigusi yote!

Kinachonipa tumbo joto ni naiti. Sheria ya Ajira ya 2004 inasema kazi ya kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi ina nyongeza ya angalau asilimia 5 kwa kila saa, masaa ya kawaida mwisho 45 kwa wiki, ovataimu mara moja na nusu. Kwenye karatasi safi kabisa, ila kuna mahali nilishafanya naiti malipo yake yakawa chai na mkate.

Saa 9 na nusu nakabidhi, wa jioni kachelewa, natoka saa 11 kasoro. Napita Mgandini kuchukua bamia.

Saa 2 usiku shoga yangu kapiga, yeye yuko hospitali ya Bombo serikalini na siku za ofu anapiga pati taimu kwetu. "Chukua vyote kama mie." Yule hana muda wa kulala, mie usingizi nautaka. Mama yeye kasema "chukua mwanangu, za usiku mtoto nitalala naye."

Basi nachukua. Ila kesho kabla ya kusaini namwomba matroni idadi ya naiti kwa mwezi na malipo yake viandikwe humo humo kwenye mkataba, akiniambia tutaelewana mbele ya safari nabaki na siku zangu tatu.