Paka wangu Bonge ana kisukari, na vita kubwa iko kwenye bakuli

Nianze na hili maana ndo naulizwa kila siku: ndio, paka anaugua kisukari, kabisa kabisa, na kwa paka wengi kinafanana na kile cha watu wazima cha aina ya pili, yani kongosho bado inajitahidi kutoa insulini ila mwili umekuwa sugu hauitikii. Wanaopata zaidi ni madume waliohasiwa, wanene, umri umeenda, wanakaa ndani tu. Huyo ni Bonge mtupu, jina lenyewe alipewa kwa mwili wake. Na kama paka wako amekuwa anachomwa zile sindano za muwasho zenye steroidi mara kwa mara, mwambie daktari wa mifugo, maana zinaweza kuchangia.

Aliyeshtuka wa kwanza hapa nyumbani ni Bi Mkubwa, na yeye ana kisukari miaka na miaka hivyo macho yake yako makali. Aliona sisimizi wamejazana kwenye kisanduku cha mchanga cha Bonge, halafu paka mwenyewe anashinda kwenye ndoo ya bafuni anakunywa maji kama katoka jangwani, anakula na bado mgongo unachongoka. Miguu ya nyuma alikuwa anatembelea visigino badala ya vidole, hiyo ni neva zimeguswa na sukari, sukari ikitulia kwa muda mrefu miguu huwa inapona taratibu. Kwahiyo ukiona kiu, mkojo mwingi, kula sana na kukonda kwa pamoja, usisubiri. Na ukiona paka mwenye dalili hizo amegoma kula, anatapika, amelala tu hana habari, hiyo sio ya kuandika kwenye grupu la wasap, ni kliniki siku hiyohiyo, damu inaweza kuwa imeshaingia asidi na hapo anakufa.

Sasa bakuli. Huku kwetu paka analelewa kwa ugali na dagaa, tena ugali mwingi dagaa wa kunusia, siku ya sikukuu anapata pilau na mfupa. Paka wa mtaani anayekula panya na mijusi siku nzima anaweza kumudu kidogo, lakini paka wa ndani aliyehasiwa anayelala saa kumi na tano hawezi. Mwili wa paka umetengenezwa kwa nyama. Mate yake hayana kile kimeng'enya cha kuvunja wanga tulichonacho sisi, na ini lake halina kasi ya kuidaka sukari ikija kwa wingi, kwahiyo ukimpa sembe sukari inapanda na inakaa huko huko juu. Wali hivyo hivyo, mkate, viazi, chapati, na ndizi pia (kuna jirani anasema wake anakula ndizi, mimi sina la kusema).

Halafu kuna watu wanakimbilia zile punje kavu za supamaketi wakijua ndo chakula cha kitaalamu, na nyingi zimejaa wanga tena kuliko unavyofikiri. Mfuko hauandiki wanga, unaandika protini, mafuta, nyuzi, majivu na unyevu, basi wewe jumlisha vyote toa kwenye mia, kinachobaki ndo wanga. Mfano protini 32, mafuta 12, nyuzi 4, majivu 8, unyevu 10, jumla 66, wanga 34, yani theluthi nzima ya mfuko. Chukua kopo la nyama laini: protini 11, mafuta 5, nyuzi 1, majivu 2, unyevu 80, inabaki 1. Ukiitoa ile maji ili ulinganishe vizuri, wanga wa kopo unakuwa asilimia 5 na wa punje karibu 38. Kwa paka wa kisukari watu wengi wanalenga chini ya kumi hivi, bila maji. Ila angalia makopo yaliyoandikwa yana mchuzi mzito, ule uzito mara nyingi ni unga.

Makopo ni ghali, sitawadanganya, kwahiyo sisi tunachanganya. Asubuhi kopo, jioni nyama ya nyumbani: kuku wa kuchemsha na mioyo ya kuku, maana moyo una kirutubisho kinaitwa taurini, na paka bila taurini anaharibika macho na moyo. Ile taurini inatoka kwenye nyama inaingia kwenye supu ukichemsha, hivyo usimwage supu, mpe nayo, na maji yanamsaidia pia. Maini kidogo tu tena sio kila siku, vitamini A ikizidi inamkaza mifupa ya shingo. Dagaa sawa, lakini wale wa baharini wengi wamechemshwa na chumvi, waoshe waloweke, wa Mwanza wana mchanga zaidi kuliko chumvi. Hakuna kitunguu, hakuna kitunguu swaumu, hata ule mchuzi uliobaki, vinaharibu damu ya paka. Na nyama tupu miezi na miezi haina kalsiamu ya kutosha, ndo maana hatujaacha kopo, na kama huna uwezo wa kopo kabisa mwambie daktari akupangie virutubisho vya kuongeza, usikisie.

Hapa sasa ndo watu wanapojikwaa. Kama paka tayari anachomwa insulini, USIBADILISHE chakula ghafla ukabaki na dozi ileile. Ukiutoa ugali leo, sukari inaweza kushuka sana ndani ya siku chache, na dozi iliyokuwa sawa jana inakuwa nyingi. Tulibadilisha kidogo kidogo, tukiwa tunapima kila siku na kumpigia daktari, na dozi ikapunguzwa njiani. Pia usimshindishe njaa eti apungue, paka mnene akikaa siku kadhaa bila kula mafuta yanavamia ini. Kupungua asilimia moja ya uzito kwa wiki inatosha kabisa.

Kupima. Mimi nasema bila kupima nyumbani unachoma gizani. Kliniki Bonge alisoma namba ya kutisha, lakini paka akiogopa tu sukari inaruka, hata asiye na kisukari, sasa muweke kwenye kikapu, bajaji, foleni ya Tabata, mbwa wanabweka mapokezi, unategemea nini? Nyumbani tunatumia mashine ya kawaida ya famasi, ileile aina ya Bi Mkubwa (kila mtu na kisindano chake cha kutobolea tafadhali). Mashine za binadamu huwa zinasoma chini kidogo kwenye damu ya paka, zipo zilizotengenezwa kwa wanyama ila stripu zake huku ni kuziwinda, cha muhimu tumia mashine hiyohiyo siku zote na daktari ajue ni ipi.

Namna ya kutoboa: mfunge na kanga kichwa kibaki nje, pasha sikio kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu, paka vaselini nyembamba sana pembeni ya sikio ili damu isimame isisambae kwenye manyoya, toboa ukingoni kabisa pembeni ya ule mshipa unaouona, gusa na stripu, kandamiza kwa pamba. Halafu kipande cha kuku palepale. Bonge siku hizi akisikia kile kimlio cha mashine anakuja mwenyewe, anachojua yeye ni kuku.

Namba za paka asiye na shida ni kama 4 mpaka 8 hivi (kwa kipimo cha mmol/L). Wa kisukari humtegemei akae humo siku nzima, unachotaka asikae muda mrefu juu ya 14, 15, maana kuanzia hapo sukari inamwagika kwenye mkojo na kiu inarudi, na pale inaposhuka chini kabisa, ambayo mara nyingi ni saa nne mpaka nane baada ya sindano, isizame. Kwahiyo tunapima kabla ya kila sindano, na siku moja moja ya wikiendi tunapima kila saa mbili kutoka asubuhi mpaka jioni, namba zote zinaenda kwenye daftari, daktari anaangalia daftari kuliko anavyomwangalia paka.

Sindano ni kila baada ya saa kumi na mbili, sisi saa moja asubuhi saa moja usiku. Wengi wanaanza na yuniti moja au chini yake. Bi Mkubwa anapiga ishirini na kitu, akaona yuniti moja ni mchezo, hapana mama, huyu ana kilo sita! Na insulini yake ya mchanganyiko sio ya Bonge, tuliandikiwa aina nyingine inaitwa glajini. Angalia sana sirinji: kuna insulini za wanyama za 40 na za binadamu za 100 (yani yuniti ngapi kwenye mililita moja), na kila moja ina sirinji yake. Ukivuta dawa ya 100 kwa sirinji ya 40 mpaka mstari wa moja, umempa mbili na nusu. Hajala? Usichome dozi nzima, piga simu. Hujui kama imeingia au imemwagikia kwenye manyoya? Iache, subiri ya jioni, sukari ya juu usiku mmoja haimuui ila ya chini inaweza.

Ya chini utaijua: anayumba kama mlevi, analegea, anatazama bila kuona, anatetemeka, mwisho degedege. Pima kama unaweza, ila usipoteze muda, pakaza asali au maji ya sukari kwenye fizi, usimmiminie kooni atapaliwa, akizinduka mpe chakula na muende kliniki hata kama anaonekana mzima.

Umeme ukikatika insulini inataka ubaridi bado, na joto la Dar Desemba linavuka 30 bila aibu. Friji likizima tunaiweka kwenye mfuko mkavu ndani ya mtungi wa udongo wenye maji kidogo, wazee wa kisukari wanalijua hili siku nyingi. Usiigandishe kwenye friza, ikiganda tupa.

Kazi ngumu kuliko zote hizo ni watu. Dada wa kazi alielewa haraka, akawa mkali kuliko mimi. Mama mwenye nyumba ndo kabisa, anamuona Bonge amekaa mlangoni na macho yale, anamkatia tonge. Nilimwambia "Shikamoo mama, huyu daktari kamkataza ugali", akanijibu "Marahaba, daktari wenu hana huruma". Tukafikia makubaliano: tunamwachia kontena la kuku wa kuchemsha kwenye friji lake, akimuonea huruma ampe hiyo.

Na wanaouliza vidonge: vipo, Marekani waliidhinisha Bexacat mwishoni mwa 2022, na 2023 wakaidhinisha Senvelgo ya maji ya mdomoni. Zinafanya sukari itoke kwa mkojo. Ila zimewekwa kwa paka ambao hawajawahi kuchomwa insulini, na hatari ya ile asidi ya damu iko palepale, tena inaweza kuja sukari ikiwa inasoma vizuri kabisa. Bonge alishachomwa, kwahiyo sisi huko hatumo. Tunachokitafuta ni sukari itulie mpaka sindano iachwe, inatokea kwa paka wengi tu hasa ukiwahi mapema na wanga ukiwa mdogo, dozi yetu imeshapunguzwa tena na daktari kasema tusiharakishe. Hata ikiachwa nitaendelea kumpima, na ugali hautarudi, mama mwenye nyumba anisamehe.