Siku moja maishani mwangu: mtama, Karani na tochi inayochoma

Saa 8 mchana ndiyo asubuhi yangu. Nyumba yetu imeezekwa bati, kwa hiyo siamki kwa kupenda, naamshwa na joto. Mke wangu ameshatoka shambani, ameshapika, ameshagombana na mbuzi wa jirani. Wapita njia wakiniona nanawa uso mlangoni muda huo, wanacheka. "Huyu bwana analala mpaka saa nane!" Sijibu. Nikianza kumjibu kila mmoja, jua litazama sijapiga mswaki.

Tunaishi wilaya ya Bunda, mkoani Mara, upande ambao mashamba yetu yanakaribiana na Serengeti na pori la akiba la Grumeti. Hapa kwetu hakuna ukuta. Kuna korongo, kuna vichaka, halafu kuna mtama wangu. Mwezi wa tano mtama ukianza kukomaa, tembo wanajua kabla yetu. Mchana watoto wanaamia ndege, usiku tunaamia tembo. Kikundi chetu kina watu sita, honi mbili, fataki za kuhesabu, pilipili debe moja, na tochi moja kubwa. Tochi hiyo inakaa kwangu. Tuliichangia, kila kaya ilitoa ilichoweza, na tangu siku hiyo kila kaya ina maoni yake kuhusu namna ninavyoishika.

Saa 9 alasiri naenda kwenye mtungi wa maji. Betri zangu nimezifunga kwenye mfuko na kuzificha nyuma yake, pale sakafu ilipo baridi. Watoto wanadhani ni uchawi. Betri za lithiamu hazipendi joto, na chini ya bati mchana ndani ya nyumba panawaka. Zaidi ya hapo, betri iliyotoka kazini ikiwa ya moto siichomeki kwenye chaja hapo hapo, naiacha ipoe kwanza. Nilijifunza kwa gharama. Ya kwanza niliichaji ikiwa bado ya moto, na ndani ya msimu mmoja ikawa haikai na chaji hata nusu usiku. Nyingine niliyoinunua gulioni iliandikwa 9900 mAh, yaani kipimo cha chaji inayobeba, kwa maandishi ya dhahabu. Ilikuwa ya saizi ya 18650, na ya saizi hiyo iliyo bora kabisa inazunguka kwenye 3500 tu. Ile ya dhahabu ilinipa dakika kumi, ikazima mbele ya dume la tembo. Sijamsahau muuzaji.

Saa 10 nachaji kwenye sola, nakula ugali na dagaa, nasafisha kioo cha tochi kwa kipande cha shuka laini. Naivalisha soksi kwenye shina, soksi moja ya pamba ya mwanangu iliyopoteza mwenzake. Hiyo ndiyo glovu yangu. Halafu nalegeza mfuniko wa nyuma nusu mzunguko ili isijiwashe njiani. Mwaka juzi ilijiwasha mfukoni nikiwa natembea. Kwanza nilihisi harufu ya kitu kinachoungua, nikawalaumu wachoma mkaa. Kumbe ni koti langu.

Saa 12 jioni niko njiani kwenda dunguni. Dungu letu liko kwenye miti minne, juu kiasi cha mtu na nusu, na chini yake tuna ndoo ya maji ya kunywa na moto mdogo. Huko namkuta mzee jirani, ambaye shamba lake linapakana na langu kwa upande wa korongo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umechaji?"

"Nimechaji, mzee."

"Zote?"

"Zote tatu."

"Mmh."

Hiyo "mmh" naifahamu. Maana yake ni kwamba usiku huu nitakuwa na tembo mmoja zaidi.

Kutoka saa 2 hadi saa 6 usiku hakuna la kusimulia: mbu, fisi, mbu. Ndiyo saa ambazo watu wa mjini wakinipigia huuliza, "Sasa kazi yenyewe si kumulika tu?" Basi niseme kuhusu kumulika.

Boksi la tochi yetu liliandikwa mita 1,000. Vijana walidhani ukisimama dunguni utasoma gazeti lililoshikwa kilomita moja mbele. Sivyo. Kipimo kile kina maana kwamba ukifika mbali hivyo, mwanga uliobaki ni sawa na wa mbalamwezi mpevu tu. Ila mwanga hupungua na kuongezeka kwa kasi kuliko umbali. Ukikaribia hadi robo ya umbali huo, mita 250, unakuwa na nguvu mara kumi na sita. Hapo ndipo tembo anapohisi amekamatwa. Chini ya mita hamsini mimi siwashi kabisa, maana aliyeshtuliwa karibu hakimbii nyuma, anakuja mbele.

Na kuna joto. Wengi wanadhani moto wa tochi unatoka na mwanga, kama zile balbu za zamani. Taa ya LED moto wake mwingi unabaki nyuma. Zaidi ya nusu ya umeme wa betri unageuka joto, na joto hilo lote linazaliwa mahali padogo kama punje ya mtama. Lisipoondoka hapo upesi, taa inakufa. Ndiyo maana kichwa cha tochi yetu ni cha alumini, tena kimechongwa matuta matuta ili hewa ipate pa kupita. Joto linakimbilia kwenye alumini, alumini inalikabidhi kwa hewa, na hewa ikizidiwa linakabidhiwa kiganja changu. Tochi ikikuchoma inajiponya. Ile ya plastiki inayojisifu ina nguvu na bado iko baridi mkononi, ujue moto uko ndani unaila. Hii yetu ina kipima joto pia. Ukiiwasha kwa nguvu zote, baada ya dakika mbili hivi inajipunguza yenyewe, upende usipende.

Kwa tembo wengi dakika mbili ni nyingi mno. Unamulika sekunde kumi usoni, unazima, anabaki gizani macho yamejaa weupe, unamulika tena kutoka upande mwingine, anaondoka na wenzake. Tochi haijapata hata uvuguvugu. Shida yetu ni Karani.

Karani ni dume lenye pembe moja iliyovunjika. Tulimwita hivyo kwa sababu hana haraka na hakuna kelele inayomtoa kitini. Yeye ameshaielewa tochi. Ukimmulika usoni anageuka taratibu, anakupa makalio, anaendelea kula. Mwanga unampiga kule ambako hauna kazi. Ili aondoke inabidi uuhamishe mwanga, umzunguke, umtafute jicho, uushikilie hapo hadi achoke yeye. Na tochi inachoka kabla yake.

Saa 7 kasoro nilisikia mabua yakivunjika. Tembo ni mkubwa lakini anatembea kama mtu aliyevua viatu. Kinachomsaliti ni chakula. Niliwasha. Madume matatu, na wa katikati ana pembe moja.

Wawili walianza kurudi kwenye korongo pale pale. Karani akageuka, akatupa makalio. Nikashuka, nikazunguka upande wa kushoto ili nipate uso wake, kijana mmoja nyuma yangu na honi. Sekunde kumi, zima. Sekunde kumi, zima. Nikaona sikio limetikisika. Alikuwa ameanza kukereka, na hicho ndicho ninachokitafuta: kero ndogo ndogo, siyo vita.

Nyuma yangu nikasikia sauti: "Usizime!"

Mzee alikuwa ameshuka dunguni na fimbo yake.

"Mzee, lazima ipumue."

"Ipumue ina mapafu? Shamba langu linaliwa wewe unazima! Washa moja kwa moja."

Nikawasha moja kwa moja. Nakiri hapo nilikosea, lakini mtu aliyekuzidi miaka thelathini akikupigia kelele gizani mbele ya tembo, mkono unatii kabla ya akili. Dakika ya kwanza ilikuwa nzuri. Karani aliacha kula. Dakika ya pili soksi ilianza kunuka, nikaihamishia tochi mkono wa kushoto, kisha nikairudisha wa kulia. Nikahisi mwanga umelegea: imejipunguza. Karani naye alihisi. Akachuma bua lingine.

"Ongeza!"

"Imejipunguza yenyewe, mzee. Imepata joto."

"Tochi gani ina akili ya kujipunguza? Wewe unabana betri. Hiyo tochi ni ya michango!"

Nilikuwa nimeshaandaa kitambaa changu. Nakilowesha na kukifunga kwenye yale matuta, maji yanakauka yakiondoka na joto, kama mtungi wa udongo unavyopoza maji. Dakika tatu nne na tochi inarudi kazini. Nilikuwa nakitafuta mfukoni kwa mkono mmoja pale mzee alipoinyakua tochi. Na akaishika kichwani.

Aliruka. Maneno aliyoyatamka siyaandiki, ni mtu wa kanisani. Lakini hakuiachia ianguke, hilo nampa. Alipiga hatua tatu hadi chini ya dungu, akaizamisha kwenye ndoo ya maji. Ikalia chwaaa.

"Haya, imepoa," akasema.

Inavumilia maji, ndiyo. Inavumilia mvua, inavumilia kuanguka mtoni ikiwa baridi. Ila kitu cha moto ukikizamisha ghafla, hewa ya ndani inasinyaa na kuvuta kilicho nje, na nje palikuwa na maji. Niliitoa, nikawasha. Kioo kilikuwa kizima, sijui kwa bahati ya nani. Kwa ndani kilikuwa na ukungu. Mwanga wangu wa mita 1,000 ulikuwa umegeuka shuka jeupe linaloning'inia mita thelathini mbele, zuri kwa kutafutia ndala.

Baada ya hapo sijui saa zilikwendaje. Tulipiga honi. Tuliwasha pilipili iliyochanganywa na kinyesi cha ng'ombe kikavu, upepo ukageuka, tukakohoa sisi. Tulipiga madebe. Nilitumia fataki mbili kati ya tano, na kila moja iliniuma kwa sababu msimu ndiyo kwanza umeanza. Karani alisogea kutoka shamba la mzee kwenda langu, akaonja, akarudi la mzee. Mtama wake ni mzuri kuliko wangu, hata tembo analijua hilo. Miguu yangu ilikuwa imelowa umande hadi magotini, kiganja kinapwita, na kila nikitulia namsikia mzee pembeni akisema, "Ungeendelea kumulika." Muda mmoja nilijikuta nimekaa chini katikati ya mtama, honi mapajani, nasikiliza tumbo la tembo likinguruma, na sikuwa na hofu hata kidogo. Nilikuwa na usingizi. Hiyo ndiyo hatari ya kazi hii. Kijana alinivuta kwa kola.

Aliondoka mwenyewe kabla mashariki haijaanza kuwa nyeupe, kwa mwendo wake, kama mtu aliyefunga ofisi.

Asubuhi wakaja wenye usingizi wao kamili. Mtendaji wa kijiji alikuja na daftari, tukapima kwa hatua: karibu nusu ekari ya mzee, kipande kidogo changu. Mambo ya kifuta jasho, zile fedha za serikali kwa aliyeliwa mazao na wanyamapori, yana fomu zake, na fomu hazina haraka, kama Karani. Kifuta jasho kinapatikana au hakipatikani, mtama umekwenda. Ila hakuna aliyefuta machozi, maana kifuta machozi ni cha aliyeumizwa au aliyefiwa, na sisi sote sita tulirudi kwa miguu yetu. Hilo hakuna aliyeliandika kwenye daftari.

Mzee alimweleza mtendaji: "Tochi ipo, tena kali. Tatizo ni mtumiaji."

Mtendaji akanitazama. Nikamwonyesha kiganja, malengelenge mawili chini ya kidole gumba. Mzee naye alikuwa ameficha mkono wake wa kulia mfukoni muda wote, na aliandika jina lake kwenye daftari kwa mkono wa kushoto, kwa shida sana. Nilinyamaza.

Nyumbani niliifungua tochi vipande vipande, nikavianika kivulini juu ya ungo, mfuniko huku, kioo kule, ule mpira mwembamba wa kuzibia nikaufuta na kuupaka mafuta kidogo. Mke wangu aliuliza kama nimepata hata lepe la usingizi. Nikamwambia nilipata, katikati ya tembo. Akanipa uji. Nilishindwa kushika kikombe kwa mkono wa kulia, nikanywa kwa kushoto kama mzee.

Nililala saa 3 asubuhi. Saa 7 na robo mchana simu ikaita. Nikapapasa, nikaipokea macho yamefumba.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umechaji?"