Andikeni majina ya visima

Wabajuni, watu wa pwani ya kaskazini ya Kenya, wengi mnaowaona hapa Shella, Malindi, wazee wao hawakuja kufuata samaki. Walikimbia. Vita vya Shifta, vya Wasomali wa Kenya waliotaka kujiunga na Somalia, vilipoanza 1963, vijiji vya barani, toka Mkokoni kupanda hadi Ishakani karibu na mpaka wa Somalia, havikukalika tena. Watu waliacha mtama na simsim makondeni wakaingia mashuani. Wengine walishukia Faza, wengine Amu (Lamu), wengine wakaja hadi huku na Mombasa. Kenya na Somalia zilipatana Arusha 1967, lakini bibi yangu hakurudi.

Shamba lao hulieleza kwa kutembea. Huketi jamvini, akafumba macho: "Ukishuka mashuani, mikoko iko kushoto. Fuata njia ya mchanga hadi kwenye mkwaju. Mbele yake kisima, maji yake hayana chumvi. Ukikipita kisima, kaburi la mamangu." Nami naandika. Nikiuchora ufuo upande usio wake, hunikatiza: "La, mwanangu, jua huchomozea baharini!"

Naandika kwa sababu wanaorudi huulizwa karatasi, na wengi wetu hatukuwahi kuwa na hati. Mipaka ilikuwa miti, visima na ushahidi wa jirani. Jirani akifa, mpaka unakufa naye. Ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilikabidhiwa 2013. Ni ndefu mno, ila kisima cha bibi hakimo. Hicho ni juu yetu sisi wajukuu.

Ami yangu alikwenda na nakala ya daftari. Mkwaju aliukuta. Kisima kimefukiwa na mchanga, ukingo wa mawe tu ndio unaoonekana. Alipopiga simu, bibi hakuuliza habari za nyumba. Aliuliza kaburi limeota nini juu yake. Ami akasema mwiba, na kwamba ameung'oa. Bibi akaitikia kwa dua ndefu hadi salio la simu likaisha.

Kama una mzee wa Rubu, Mvundeni au Kiunga, keti naye sasa. Anza na visima, kisha makaburi, kisha nani alipakana na nani. Andika tarehe na jina la aliyesema, kisha umsomee tena.

Mimi nakwenda Kizingitini kwa dadake bibi. Wao wawili hawakubaliani mpaka wa kaskazini ulipita wapi. Nitaandika kauli zote mbili.