Uongo wa Tumaini

Jumamosi ya tarehe 8 Machi 2008 nilikuwa Saint Paul, Minnesota, katika chumba cha chini cha nyumba waliyopanga wanafunzi wenzangu, ambako tulikutana kila wiki kucheza Dungeons & Dragons. Siku hiyo tulianza kwa kukaa kimya kidogo, kwa sababu Gary Gygax, mmoja wa waasisi wawili wa mchezo huo, alikuwa amefariki Jumanne iliyotangulia. Mwasisi wa pili, Dave Arneson, alikuwa mtu wa huko huko Minnesota, na wenyeji wangu hawakuchoka kunikumbusha kwamba mchezo uliochapishwa mwaka 1974 ulichipukia mezani kwao.

Kwa asiyeujua, mchezo huu hauna mshindi: msimamizi husimulia ulimwengu, kila mchezaji humwongoza mhusika wake, na dadu la pande 20 huamua panapokuwa na shaka. Juu ya karatasi ya kila mhusika huandikwa msimamo wake wa kimaadili. Mwanzoni misimamo ilikuwa mitatu tu, ya sheria, ya kati na ya vurugu. Baadaye wema na uovu vikaongezwa, ikawa tisa. Mhusika wangu, Tumaini, alikuwa paladini, yaani shujaa aliyekula kiapo, na kwa kanuni za toleo tulilotumia paladini hakuwa na hiari: lazima awe mwema na mtii wa sheria, asiseme uongo, asitumie sumu, aheshimu mamlaka halali na awasaidie wenye shida. Kwa hayo alipewa uwezo wa kuponya kwa kugusa na wa kuuhisi uovu uliojificha. Wenzangu walimwona kuwa mzigo, kwa kuwa kila walipotaka kumtesa mateka aliwazuia. Mimi nilimpenda, labda kwa sababu nilimtengeneza kwa kumfikiria mama yangu, mwalimu wa shule ya Jumapili kule Nakuru, ambaye sikuwahi kumsikia akisema hata uongo wa adabu.

Jioni ile, ndani ya mchezo, tulimkamata goblini kijana, yaani kiumbe wa kubuni wa hadithi za kale, aliyekuwa akiwachotea maji majambazi waliochoma ghala la kijiji. Hakuwa ameshika silaha. Nilitumia uwezo wangu kumchunguza, na msimamizi akaniambia kwamba naam, kuna uovu hafifu ndani yake. Kitabu cha kanuni chenyewe kiliandika kwamba magoblini kwa kawaida ni waovu, na mmoja wetu akasema, huku akitafuna bisi, kwamba basi mjadala umekwisha. Sikuweza kuyapokea maneno hayo kama mchezo. Tangu uchaguzi wa Desemba 2007 nilikuwa nimemaliza kadi nyingi za simu nikipiga nyumbani, na mkataba wa amani ulikuwa umetiwa saini siku tisa tu zilizopita. Nilikuwa nimesikia vya kutosha kuhusu watu walioulizwa jina la ukoo kabla ya kuulizwa walichotenda.

Nikamficha goblini katika zizi la mbuzi. Usiku walinzi wa mzee wa kijiji wakaja na mienge, wakauliza kama kuna mtu humo ndani. Nikajibu kwa sauti ya Tumaini, "Hakuna mtu." Nikarusha dadu, likaonyesha 18, na walinzi wakaondoka.

Msimamizi, ambaye alikuwa anasomea sheria na hakuwa mtu wa kuharakisha hukumu, aliweka kalamu chini. Alisema kwamba paladini amewadanganya walinzi wa mamlaka halali kwa makusudi, hivyo kiapo kimevunjika. Tulibishana kwa karibu saa nzima. Mimi nilidai kwamba kiapo hicho hicho kinaniamuru kumsaidia mwenye shida. Yeye akajibu kwamba ningeweza kusimama mlangoni na kukataa kufungua, jambo ambalo lingenigharimu zaidi. Hapo alikuwa na hoja, na hadi leo sijaipatia jibu. Ndipo yule wa bisi, kwa nia njema kabisa, akanitupia kamba ya wokovu: nilichosema si uongo, kwa sababu nilisema hakuna *mtu*, na goblini si mtu. Meza nzima ikacheka kwa faraja. Hata msimamizi akaniangalia kana kwamba anangoja niishike tu ile kamba ili tuendelee.

Sikuwa nimewaeleza kwamba mwezi Februari mama alinisimulia kwenye simu jinsi vijana wenye mapanga walivyosimama kwenye lango letu, na jirani yetu akiwa chini ya kitanda changu cha zamani pamoja na wanawe wawili. Mama aliwaambia, "Humu hamna mtu." Alinisimulia kwa sauti ya chini, kama anayeungama, kisha akaniuliza habari za baridi.

Nikamwambia msimamizi kwamba goblini ni mtu, na kwamba nimesema uongo. Akaniuliza kama Tumaini atatafuta kasisi wa kumtakasa, kwani njia hiyo ilikuwepo mradi mkosaji ajute kwa dhati. Nikasema hajuti. Nikaomba ufutio, nikafuta uwezo wa kuponya, kisha uwezo wa kuhisi uovu, na tukaendelea kucheza hadi karibu saa nane usiku.